Mkono wa Mnunuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikua nikiiamini methali hiyo, na nilipoanza kuuza kanga kwa simu nikiwa nyumbani kwangu Mbagala, niliitegemea. Nilidhani kwamba nikiwa na mali nzuri na picha za kupendeza, basi kazi yangu imekwisha. Leo naona kwamba methali ile ilitungwa kwa ajili ya mnunuzi aliyesimama mbele ya duka. Ndugu msomaji, mnunuzi wangu mimi hasimami mbele ya duka. Yuko Mwanza, au Songea, au Kigoma, na ameshika simu tu.

Nilianza mwaka 2019, baada ya kupunguzwa kazini. Binti yangu ndiye aliyenifundisha kuweka picha kwenye WhatsApp na Instagram. Mtaji wangu ulikuwa kiinua mgongo kidogo na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Asubuhi nilikwenda Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, kununua kanga kwa bei ya jumla, na jioni baada ya chakula nikazitandaza sebuleni na kuzipiga picha. Malipo yalikuja kwa simu. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na ikafika kwetu Tanzania mwaka 2008, kwa hiyo wateja wangu walikwisha kuizoea. Fedha ikiingia, nilifunga mzigo, nikampa kijana wa bodaboda aupeleke kwenye basi.

Watu wengi huniuliza, je, biashara ya namna hii inahitaji nini? Hutegemea niwatajie aina ya simu, au saa nzuri ya kuweka picha. Mimi huwasimulia habari ya doti 24.

Ilikuwa mwaka 2022. Mama mmoja wa Mwanza, ambaye mpaka leo sijaonana naye uso kwa uso, aliagiza doti 24 za kanga nyekundu. Zilikuwa sare ya kina mama katika harusi ya mwanawe. Kila doti ilikuwa shilingi 12,000, akatuma shilingi 288,000 zote kwa pamoja, bila kuniomba hata nipunguze. Nilifurahi kupita kiasi. Nikapeleka mzigo kituo cha mabasi cha Mbezi, na siku ileile nikaanza kuzitumia zile fedha: nyingine kwenye mahitaji ya shule ya mdogo wangu wa mwisho, nyingine kwenye majora ya vitenge.

Jumanne ya wiki ya harusi akapiga simu. Hakufoka. Alisema kwa sauti ya chini, "Dada, hizi sizo. Hizi ni damu ya mzee. Mimi niliona nyekundu."

Nikaitazama tena ile picha. Alisema kweli. Nilikuwa nimeipiga usiku, chini ya taa ya sebuleni, na ile rangi ya damu ya mzee ilikuwa imegeuka nyekundu inayong'aa. Mimi niliyezishika kanga mchana nilijua rangi yake. Yeye aliyeziona kwa simu tu angeijuaje?

Binti yangu akaniambia, "Mama, picha ni ileile uliyomtumia. Hakuuliza, shauri yake. Ukiona anasumbua, mfungie tu namba." Sitasema uongo, neno hilo lilinikaa moyoni usiku kucha. Kumfunga mtu kwenye simu ni rahisi sana. Hajui unakaa nyumba ipi, na huwezi kukutana naye sokoni. Katika duka la mtaani aibu humlinda mnunuzi, kwa sababu mwenye duka anajua kesho watapishana njiani. Katika biashara yangu hakuna aibu ya namna hiyo. Kuna dhamiri tu, nayo haina shahidi.

Asubuhi nilikwenda kwa mweka hazina wa kikoba chetu, nikakopa shilingi 240,000. Nikanunua doti 24 nyekundu kwa shilingi 9,000 moja, nikazibeba hadi nje ya duka kuzitazama juani, kisha nikazifunga. Alhamisi alfajiri zikaondoka na basi, na Ijumaa asubuhi yule mama akaniandikia neno moja: "Zimefika." Zile nyingine alizirudisha, nami nikaziuza mojamoja. Deni la kikoba nililimaliza baada ya miezi saba. Yule mama hakuniagiza tena, wala sikumlaumu.

Mambo mawili nilijifunza kwa hasara ile, nayo ndiyo ninayoyajua kuhusu kufanikiwa.

La kwanza, anayeuza kwa simu hana budi kuwa mkono wa mnunuzi. Dukani mama huikunjua kanga, huishika, huinusa, huipeleka mlangoni aione kwenye mwanga. Kwa kuwa wa kwangu hawezi, yote hayo nayafanya mimi kwa niaba yake. Picha sasa napiga asubuhi, kibarazani, naonyesha pindo, mji na jina. Rangi naiandika kwa jina lake, hata kama jina hilo litanifukuzia mteja. Napima urefu na upana kwa futi ya fundi. Pembe moja naisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa nione kama inachuja, na ikichuja nasema. Wako waliosoma hayo wakaacha kununua. Lakini waliobaki hawarudishi mizigo.

La pili, mali bila daftari hupotea bila habari. Lau ningetenga fedha za yule mama mpaka mzigo upokelewe, nisingekopa. Na nilipoanza kuandika ndipo nilipoona nilivyokuwa nikijidanganya. Nilinunua doti kwa 9,000 nikauza kwa 12,000, nikahesabu faida 3,000. Nilipotoa nauli 400, mfuko 200, bando 500 na makato ya simu 400, ilibaki 1,500 tu. Nusu ya faida yangu ilikuwa hewa! Tangu hapo nina namba mbili za simu, moja ya biashara na nyingine ya nyumba, na fedha ya mteja haihami kabla hajasema amepokea.

Sijatajirika. Nalipa kodi ya nyumba, mtoto anasoma, na kikoba sikidaiwi. Kila asubuhi jua likifika kibarazani natandaza kanga moja, naishika pande zote mbili, na kabla ya kupiga picha najiuliza yule mama wa Mwanza angeionaje. Yeye hajui kwamba bado ananifundisha kazi.