Ngome Isiyo na Mawe

Yanapotajwa mambo ya kale katika pwani ya Kenya, fikra za msikilizaji hukimbilia mawe: kuta zilizomeguka, misikiti isiyo na paa, makaburi yenye nguzo. Si ajabu, kwa kuwa jiwe hujitangaza lenyewe hata kwa mpita njia. Hata hivyo, katika Kaunti ya Kilifi zimo ngome ambazo hazikujengwa kwa jiwe wala chokaa, na ambazo uhai wake hautegemei fundi bali kinywa cha mzee. Tofauti hiyo ilimdhihirikia binti mmoja wa Muyeye, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, alipoitumia likizo yake ya Desemba kuzuru, pamoja na babu yake, mahali alipokuwa amepasoma vitabuni tu.

Muyeye ni mtaa ulio ubavuni mwa mji wa Malindi, kwa hiyo ziara ya kwanza haikudai nauli kubwa. Tuktuk iliwafikisha kwenye nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga Malindi mnamo Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha bahari hadi Kalikat, India. Kutoka hapo walikwenda kwenye kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, ambalo historia yake huhusishwa na Francis Xavier, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Mwisho walisimama mbele ya makaburi mawili ya nguzo yaliyo kando ya msikiti wa Ijumaa. Babu alitazama yote kwa adabu, mikono nyuma, kofia kichwani, wala hakusema mengi.

Siku ya pili walipanda matatu hadi Gede. Mji huo ulistawi kwa karne kadhaa kabla ya kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na msitu ukaumeza. James Kirkman aliufukua kati ya 1948 na 1958. Binti alimwonyesha babu yake msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, na kaburi lililochorwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Alimweleza pia habari za vyombo vya kaure vya Uchina vilivyopatikana humo, na kwamba mnamo Julai 2024, katika kikao kilichofanyika New Delhi, UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Babu alipapasa ukuta wa nje, kisha wa ndani.

"Mke wangu," alisema, kwa ule utani wa babu na mjukuu wa kike, "nyumba hii ina ukuta, ina mlinzi, ina tiketi. Mwenyewe yuko wapi?"

Wakati wa kurudi, upepo ulipeperusha kofia ya babu garini. Nywele zake zilikuwa nyeusi ti, nyeusi kuliko za kijana. Binti alijua kwamba babu hupaka piko, na siku zote alidhani ni urembo wa mzee asiyetaka kuzeeka. Walipofika nyumbani alimtania. Babu hakucheka. Alimwambia kwamba siku hizi mvi ni ushahidi: kijana akifa ghafla, au shamba la urithi likigombaniwa, mwenye kichwa cheupe ndiye mchawi. Alimtajia rafiki yake wa utotoni aliyekatwa kwa panga usiku, akiwa mlangoni mwake mwenyewe. Baada ya mazishi hayo ndipo babu aliponunua kichupa cha kwanza.

Habari hizi si ngeni Kilifi. Wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana ekari za ardhi. Jambo lililomchoma binti ni kwamba msiba huo ulikuwa ukilala chumba cha pili, naye akiuita urembo.

Ziara ya tatu aliichagua babu. Walivuka daraja la Kilifi, wakashuka Mavueni, wakashika njia ya Kaloleni hadi Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama. Binti alitarajia boma, akakuta miti. Babu alipiga hodi kwa Kigiriama, wakavua viatu, wakaongozwa na mzee wa kaya kupitia njia nyembamba ambayo haikuruhusiwa kuachwa. Hapo ndipo alipoelezwa namna ngome hii ilivyofanya kazi. Kwa mujibu wa masimulizi, Wamijikenda walipohama kutoka Singwaya wakikimbia maadui, walijenga kaya zao, nyingi zikiwa juu ya vilima, katikati ya msitu mzito. Msitu ndio uliokuwa ukuta. Njia zilikuwa chache na zenye malango. Ndani kulizikwa fingo, kinga ya jamii nzima. Na mwiko wa kukata mti ndio uliouhifadhi ukuta huo usibomoke. Mambo yote yaliamuliwa na kambi, baraza la wazee.

Ngome hii nayo ilipigwa vita. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama hapo, wakawalisha viapo vya kukataa amri za Waingereza. Viongozi hao walihamishiwa Kisii, wakatoroka, wakarudi. Na mnamo Agosti 1914 serikali ya kikoloni iliilipua kaya kwa baruti. Ukuta wa mawe ungebaki kifusi. Huu uliota tena, kwa sababu wenyewe walikuwapo na mwiko ulikuwa bado midomoni mwao.

Mzee aliyewaongoza alikuwa na mvi tele, bila kofia. Babu alimtazama sana. Kisha, bila kuombwa, aliivua yake na kuishika mkononi mpaka walipotoka msituni.

Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata, mila zake ziliwekwa katika orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Orodha hizo mbili zikisomwa pamoja hubainisha jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kulitafakari: msitu unaweza kuwekewa mlinzi, bali neno hulindwa kwa kumlinda alisemaye. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa kuuawa. Ngome imerudia kazi yake ya asili, ila adui safari hii hatoki mbali. Huenda akawa mwana au mpwa.

Penye wazee haliharibiki neno, husema wahenga. Methali hiyo hufundishwa madarasani kana kwamba kuwapo kwa wazee ni jambo la hakika kama kuchwa kwa jua. Yapo makongamano kuhusu istilahi na utafiti kuhusu tenzi. Ni haki pia kuuliza mtoa habari ambaye jina lake huandikwa katika shukrani za tasnifu analala kwa amani gani baada ya mtafiti kuondoka na kinasa sauti chake.

Binti alikuwa amekusudia kuandika insha yake ya mwisho juu ya maandishi ya makaburi ya Gede. Aliporejea chuoni alimwomba msimamizi wake ruhusa ya kubadilisha mada. Ameanza na maneno ambayo babu yake hutumia kuitaja kaya, kila usiku wa likizo ukurasa mmoja, wakiwa wamefunga mlango. Kichupa cha piko kingali juu ya kabati, na kila mwezi hununuliwa kingine.