KINU CHA UPEPO JUU YA MEZA YA FIZIKA



Wengi wenu mumeona kile kinu kidogo cha upepo kinachosimama juu ya meza ya fizika. Wengine walisema: "Aba ba sita banacheza kama batoto, na egzameni ya Serikali iko inakaribia!" Tunaandika maneno haya ili tuwajibu kwa upole, na tena kwa sababu tuko na ombi.

Kwetu Pangi hakuna mtu asiyejua kinu. Ni kile cha mti ambamo mama zetu wanatwanga mpunga na muhogo tangu asubuhi mapema, na nguvu yake ni mikono ya mama. Katika nchi zingine watu wa zamani walitafuta nguvu isiyochoka ili isage nafaka, wakapata upepo. Siku hizi upepo unazungusha hata mashini za umeme. Huko Kenya, karibu na ziwa Turkana, kuko mashini 365 za namna hiyo, na nguvu yao yote pamoja ni megawati 310.

Kinu chetu ni cha vitofari vya plastiki vya kuchezea. Vitofari hivi asili yake ni Denmaki, katika mji wa Billund. Kule seremala mmoja, Ole Kirk Christiansen, alianza mwaka 1932 kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Kitofari cha LEGO tunachokijua leo, chenye vichwa juu na mirija ndani, kilitokea mwaka 1958. Sanduku letu lilikuwa na vitofari vichache tu. Basi tulijenga mnara kwa vitofari, tukakata mabawa katika mikebe ya nyanya, na kitu cha kuzungukia kikawa waya wa gurudumu la kinga.

Kwanza tuliweka mabawa bapa, yakitazama upepo uso kwa uso, ili wadogo waone. Tukapepea kwa kartoni. Kinu kilisukumwa nyuma tu. Mdogo mmoja wa darasa la kwanza akauliza: "Yaya, juu ya nini haiko inazunguka?" Hatukumjibu kwa mdomo. Tulipinda kila bawa kidogo, yote upande mmoja, tukamwambia apepee yeye mwenyewe. Ikazunguka! Akaelewa pale pale: upepo ukigonga bawa lililoinama unateleza upande mmoja, na bawa linasukumwa upande mwingine. Maneno hayo tuliyaandika katika kaye zetu tangu zamani, lakini siku ile tuliyaona kwa macho.

Halafu kuko magurudumu ya meno. Kubwa lina meno 40, dogo lina meno 8. Kubwa likizunguka mara moja, dogo linazunguka mara tano. Lakini ukilishika dogo kwa kidole linasimama mara moja, kwa maana umepata mbio na umepunguza nguvu. Hesabu ya kugawanya inakuwa kitu cha kushika mkononi.

Sasa swali ambalo kila mmoja wetu anajiuliza anaposoma usiku na taa ndogo: je, upepo unaweza kutupa umeme hapa? Tulipeleka kinu chetu inje, chini ya miti. Hakikuzunguka vizuri. Sababu iko: mbio ya upepo ikipungua nusu, nguvu yake haibaki nusu, inabaki moja ya nane. Na pori yetu inakata upepo sana. Basi tulichukua mabawa yale yale ya mkebe, tukayatia katika kijito. Yalizunguka bila kupumzika! Maji ni mazito kupita hewa karibu mara 800. Ndiyo maana karibu na Kalima, katika Pangi yetu hii, zamani za ukoloni walijenga mashini ya umeme katika mto Lutshurukuru, kwa kazi ya machimbo.

Kumbe kile kinu cha kuchezea kilitufundisha kwamba nguvu ya kwetu iko katika mito. Hatukupata jambo hilo kwa kukariri.

Tena, mtu asidharau kitu kidogo. Malawi kulikuwa kijana, jina lake William Kamkwamba, aliyeacha masomo kwa kukosa malipo wakati wa njaa. Alisoma kitabu cha maktaba, akajaribu kwanza na mota ndogo ya radio. Kisha mwaka 2002 akajenga kinu cha metre 5 kwa vipande vya kinga na miti, akawasha taa nyumbani kwa baba yake. Alianza na kidogo.

Na hili ndilo ombi letu. Sisi wa sita tutaondoka egzameni ikiisha. Tunawaomba waalimu wetu, kwa heshima, sanduku lile lisifungwe tena katika stoo kwa kuogopa litaharibika. Yule mtumishi aliyefukia talanta yake aliogopa pia, na bwana wake hakumsifu. Na ninyi wadogo zetu, mje siku ya posho kisha kazi ya mikono. Gurudumu la kijitoni halijafungwa na dinamo ya kinga. Kazi hiyo tunawaachia ninyi.

Kapita na wenzake wa darasa la sita