Hiyo saa moja ni ya kwenye tiketi

Kuala Lumpur

Mjomba,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umeona kwenye simu kwamba kutoka hapa mpaka Singapore ni kilomita 300 tu kwa ndege, saa moja, basi kinanishinda nini kumpelekea binamu vitenge vyake Jumamosi na kurudi jioni?

Mjomba, hiyo saa moja ni ya kwenye tiketi. Angani kwenyewe hata haitimii. Wahudumu wanapita mbiombio, na kabla hujakaa sawasawa rubani ameshatangaza mnashuka. Muda unaliwa chini. Uwanja wetu wa ndege uko Sepang, nje kabisa ya jiji. Treni ya moja kwa moja kutoka KL Sentral hufika kwa nusu saa hivi, lakini nauli yake ni ya wenye nazo. Bado ukaguzi, uhamiaji, kusubiri. Ukitua Changi, uwanja wa Singapore, pasipoti tena, kisha safari ya kuingia mjini. Mlango kwa mlango, nusu siku imekwenda.

Kwa barabara ni kilomita kama 350, saa tano au sita. Mabasi mazuri yana viti vitatu tu kwa mstari, na kiyoyozi cha kukutoa kamasi. Shughuli iko mpakani. Upande wa Johor, bado Malaysia, mnashuka, mnapita uhamiaji, mnapanda. Mnavuka maji, mnashuka tena, safari hii na mizigo yote. Hapo uwe umeikariri namba ya basi lako, maana mabasi yanafanana na dereva hamsubiri mtu milele. Alfajiri za siku za kazi ukipita Woodlands, mpakani upande wa Singapore, utakuta pikipiki zimejaa kama siafu: Wamalaysia wanaokwenda kibaruani Singapore na kurudi jioni, kwa kuwa dola moja ya kule ni ringgit tatu na ushee. Hata hivyo nitapanda basi, la Ijumaa usiku. Nalala njiani na bei naimudu.

Kinachoniudhi ni treni. Mwaka 2016 serikali hizi mbili zilitia saini mkataba wa treni ya mwendokasi, mji kwa mji dakika 90. Mwisho wa 2020 mkataba ukafa bila reli kutandikwa, na Malaysia ikailipa Singapore fidia ya zaidi ya dola milioni 102 za Singapore. Na hawa walikuwa nchi moja mpaka Agosti 1965! Hata shirika la ndege walikuwa nalo moja, wakaligawana 1972.

Saa tu ndiyo wamekubaliana. Tarehe 1 Januari 1982 Malaysia ya huku rasini ilisogeza saa zake mbele kwa nusu saa ilingane na Sabah na Sarawak, na Singapore ikafuata papo hapo, biashara na ratiba za safari zisivurugike. Ndiyo maana huku saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza totoro, jua linachomoza saa moja imeshapita. Wewe uliyezoea saa moja kuwa mwanga umetanda ungedhani saa yako imeharibika. Nasi tumewatangulia ninyi wa huko nyumbani kwa saa tano, mjomba, kwa hiyo ukinipigia saa tatu usiku baada ya taarifa ya habari, huku ni saa nane za usiku. Piga mchana.