Kutoka Kampala Hadi Mogadishu: Safari ya Saa Mbili

Mtu akiuliza Mogadishu iko mbali kiasi gani na Kampala, jawabu hutegemea anayeulizwa. Rubani hutaja saa. Mke wa askari hutaja miezi.

Safari yenyewe huanzia barabarani. Kutoka katikati ya Kampala hadi Uwanja wa Ndege wa Entebbe, ulio kando ya Ziwa Victoria, ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Barabara ya zamani hupitia Kibuye na Kajjansi, ambako misongamano ya magari imewachelewesha wasafiri wengi. Barabara mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 imepunguza adha hiyo.

Kutoka Entebbe, mstari ulionyooka juu ya ramani una urefu wa kilomita 1,440 hivi. Huingia Kenya karibu na Busia, hupita jirani na Eldoret, huvuka Bonde la Ufa na kuuacha Mlima Kenya upande wa kusini. Baada ya hapo mashamba hukoma, na nchi kame ya kaskazini mwa Kenya hutanda hadi Somalia. Kisha hufuata Mto Juba, Mto Shebeli na mwishowe Bahari ya Hindi, ambayo ufukweni mwake umejengwa uwanja wa ndege wa Mogadishu. Ndege ya abiria yenye mwendo wa kilomita 800 kwa saa huumaliza umbali huo kwa muda wa saa mbili hivi. Ndege ya mizigo ya pangaboi huhitaji karibu saa tatu.

Helikopta hulazimika kutua njiani ili kujaza mafuta. Mwezi Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilianguka katika Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199. Baadhi ya wanajeshi walipoteza maisha kabla ya kuiona Mogadishu.

Wanajeshi wa kwanza wa Uganda waliotumwa kulinda amani chini ya Umoja wa Afrika waliwasili huko Machi 2007; askari polisi nao wakafuata baadaye. Wakati huo vita vile vilionekana kuwa vya mbali. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, mabomu yaliwalipukia watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia huko Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo, yakaua zaidi ya watu 70. Kundi la Al-Shabaab lilikiri kuhusika. Kumbe njia ya saa mbili haikuwa ya kwenda tu.

Saa za miji hiyo miwili ni moja, wala msafiri hageuzi mshale. Jua pekee ndilo lisilofuata saa hizo, kwani huchomoza Mogadishu takriban dakika 50 kabla ya Kampala. Askari wa lindo la alfajiri huwa amekwisha kuliona jua, ilhali nyumbani kwake taa ingali inawaka na makaa ya chai yanapulizwa.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wengi wamerejea salama. Wengine wamerejea Entebbe ndani ya majeneza. Kwa hiyo anayemngoja wake asihesabu saa mbili za angani pekee, bali ahesabu pia siku za kukabidhi zamu, za kungoja ndege na za kuripoti kikosini. Matoke yasimenywe kabla mwenyewe hajabisha hodi.