Bio Ianzie Nje, Hasa Kama Unasoma Kiboko

Kama umemaliza wiki ya kwanza ya Bio na kitu pekee ulichofanya ni kunakili notsi za ubaoni, basi bado hujaanza Bio. Umeanza kuandika tu. Najua kuna mwalimu atasoma hii akasirike, lakini naomba anisikilize mpaka mwisho ndio anirushie mawe.

Mwaka huu nina sababu ya kuongea. Sista yangu mdogo ameingia Gredi ya 10 Januari hii ya 2026. Yeye na wenzake ndio kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya kufika sekondari ya juu. Walifanya mtihani wa KJSEA mwaka jana, wakachagua njia zao: kuna STEM, kuna Sayansi za Jamii, kuna Sanaa na Michezo. Sasa hapa kuna kitu wengi hawajashtukia. Kwetu sisi wa 8-4-4, Bio ilikuwa kama ugali. Unaingia Kidato cha Kwanza unaikuta mezani, hakuna wa kukuuliza kama unaipenda. Kwa hawa wa Gredi ya 10, Bio ni somo la kuchagua. Mtoto anaweza kupita shule nzima bila kuigusa tena.

Kwa hivyo wiki hizi za kwanza si mchezo. Sista aliichagua, lakini ameniambia wasichana wawili wa darasa lake tayari wanaulizia vile wanaweza kuhama. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Bro, wanasema ni kukremu tu. Majina magumu, halafu mtihani."

Siwezi kuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Somo la kwanza: Baiolojia ni neno la Kigiriki, bios ni uhai, logos ni elimu. Andika. Somo la pili: matawi ya Baiolojia. Botania, zuolojia, entomolojia, mpaka mkono ukauma. Somo la tatu: sifa za viumbe hai. Andika, chora mstari chini, kesho kuna jaribio. Wiki mbili za kusoma kuhusu uhai na hakuna kiumbe hai hata kimoja kilichoingia darasani, ukitoa sisi wenyewe na mbu.

Cha kuchekesha ni kwamba hata silabasi yenyewe ilikuwa inatutuma nje. Kama ulisoma 8-4-4 utakumbuka ile sehemu ya mwanzo mwanzo ya kukusanya viumbe. Wavu wa kunasia wadudu. Lenzi ya mkono. Mkebe unaozikwa ardhini ili wadudu wanaotambaa watumbukie ndani. Na kile kichupa chenye mirija miwili, unavuta hewa kwa mdomo kupitia mrija mmoja na mdudu anaingia kupitia ule mwingine. Hicho kichupa nilikichora vizuri sana. Nikakipaka rangi. Nikapata alama zote. Mpaka namaliza Kidato cha Nne sikuwahi kukishika.

Sasa nikwambie tunakoishi. Kama huijui Kiboko, ni kale kasenta ka Mombasa Road, ukishapita Emali na kabla hujafika Makindu. Wengi wenu mmepita hapa mkiwa mmelala kwa basi. Ukiangalia haraka utaona vumbi, malori na miti. Lakini hapa kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, na ndani yake shirika la kimataifa la CIMMYT linafanyia majaribio ya mahindi yanayostahimili ukame. Mbegu ambazo wakulima wa nchi nyingi za Afrika wanazingoja zinateswa hapa kwetu kwanza. Na nikisema kuteswa namaanisha hivyo: wanapanda msimu wa kiangazi, wanamwagilia, halafu mahindi yakikaribia kutoa maua wanafunga maji kimakusudi. Wanaangalia nani atakufa na nani atajikaza.

Mama yangu amefanya vibarua kwenye mashamba ya aina hiyo miaka mingi. Aliishia darasa la saba. Kazi yake msimu wa maua ni mifuko. Kabla nywele za hindi hazijatokeza, anafunika hindi changa kwa kimfuko kidogo, ili unga wa mmea mwingine usiingie bila ruhusa. Ua la juu linafunikwa kwa mfuko mkubwa wa karatasi, ule unga wa njano unakusanyika humo, halafu wanaumwagia kwenye nywele za hindi walilolichagua na kufunika tena. Mfuko unaandikwa tarehe. Ukikosea, unaharibu kazi ya mtu ya msimu mzima.

Siku moja nikiwa Kidato cha Tatu nilikuwa nyumbani nakariri uchavushaji kwa sauti, karo imenirudisha. Mama alikuwa anachambua ndengu. Akanisikiliza, akaniuliza, "Hiyo chavua unayotaja ni ule unga wa mahindi?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kuchambua, halafu akasema, "Basi kijana yangu, jua likiwa kali ule unga hutoka kwa wakati wake, lakini nywele huchelewa. Nywele zikitoka, unga umeisha. Ndiyo maana unaona hindi lina mapengo."

Wasee, hiyo sentensi ni Bio ya kiwango cha juu. Kila unywele wa hindi unaelekea kwenye punje moja. Unywele usipopata chavua, hapo hakuna punje, ni pengo. Ukame huchelewesha nywele, na hizo siku chache za kuchelewa ni moja ya vitu ambavyo wataalamu wa mbegu huhesabu ili wajue ni mmea gani unafaa kuendelezwa. Mama hakuwa amesoma kitabu chochote. Alikuwa ameona kwa macho, msimu baada ya msimu. Mimi nilikuwa na kitabu, na nilikuwa nimekula hayo mahindi yenye mapengo maisha yangu yote, na hakuna siku vitu hivyo viwili viliwahi kukutanishwa kichwani mwangu. Ilibidi kibarua wa mifuko anikutanishie, akiwa anatoa mawe kwa ndengu.

Hapo ndipo nilianza kuipenda Bio, na nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja tu wa kuisoma.

Ndiyo maana nasema somo hili lianzie nje. Hata hiyo mada ya kupanga viumbe kwa makundi, ambayo watu huiona kavu, hapa kwetu iko kwa sahani. Chukua ndengu, jina lake la kisayansi ni Vigna radiata. Chukua kunde, ni Vigna unguiculata. Umeona? Jina la kwanza ni moja. Ni kama jina la ukoo, ndengu na kunde ni watu wa boma moja. Mbaazi, zile sisi tunaita nzuu, ni Cajanus cajan: jamaa wa mbali, ukoo tofauti, lakini wote ni wa familia kubwa ya mikunde. Mtoto wa Ukambani akielezwa hivyo hatakariri. Ataenda nyumbani aangalie maua yake aone kama ni kweli wanafanana.

Ama chukua ile migunga ya manjano iliyo karibu na chemchemi zetu. Wazungu wa zamani waliiita miti ya homa, kwa sababu waliokuwa wanapiga kambi chini yake waliugua. Wakadhani mti ndio unaleta homa. Kumbe mti unapenda maji, na mbu pia anapenda maji. Mti ulikuwa jirani tu, na jirani akashtakiwa. Hilo ni somo zima la kufikiria kisayansi: vitu viwili kuonekana pamoja haimaanishi kimoja kimesababisha kingine. Halafu ukikwangua lile gome kidogo utaona kijani ndani. Shina nalo linapika chakula kwa mwanga wa jua, kama majani.

Na jina lake lina kesi. Vitabu vya zamani vinaiita Acacia. Mwaka 2005, kwenye kongamano la wanabotania huko Vienna, iliamuliwa jina Acacia libaki na miti ya Australia, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Ya kwetu ikahamishiwa majina mengine. Huu wa manjano sasa ni Vachellia xanthophloea. Jina walilolipata kwanza miti ya Afrika likaenda na wageni. Mwambie mwanafunzi hiyo hadithi akiwa amesimama chini ya mti wenyewe, uone kama atasinzia.

Hata hoteli yetu ya Hunter's Lodge ni somo. Ilijengwa na J. A. Hunter, mwindaji. Kati ya 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilimtuma kuondoa vifaru Makueni ili watu wapewe ardhi ya kukaa, na aliua karibu 1,000. Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kuona kifaru nje ya picha. Ukifika mada ya ekolojia, usinipe mfano wa sungura na mbweha wa nchi za theluji. Niulize ni nini hutokea kwa kichaka chetu wakati mla vichaka mkubwa hivyo anaondolewa kwa miaka miwili.

Sasa najua mtaniambia nini. Moja, hakuna maabara za kutosha. Kweli, na serikali isikwepe hilo. Darubini haichongwi kwa mti. Lakini nje hakuhitaji maabara. Kile kichupa cha kufyonza wadudu kinatengenezwa na chupa, mirija miwili na kipande cha kitambaa chepesi kwenye mrija wa mdomoni ili usimeze mdudu. Mbili, darasa ni kubwa na mwalimu ni mmoja. Pia kweli, na simwonei mwalimu. Lakini wanafunzi sitini wakiwa nje kwa makundi ya sita sita wanaweza kupewa mraba wa mita moja kila kundi na kazi moja: hesabuni kila kilicho hai hapa ndani. Hiyo ni dakika arobaini. Tatu, mtihani. Ndugu zetu walio Kidato cha Tatu na cha Nne bado wana KCSE, na karatasi ya tatu ya Bio, ile ya vitendo, ina alama 40 kati ya 200. Wanakupa kitu mezani na kukuambia kiangalie, kichore, kipime, sema ni nini. Mtu ambaye hajazoea kuangalia huwa anatafuta jibu kwa kumbukumbu, na jibu liko mbele ya macho yake.

Kwa wewe uliyeingia Gredi ya 10 na umechagua Bio, usingoje shule. Wiki hii fanya vitu vitatu. Chagua mmea mmoja wa nyumbani, wowote, uchore kila Jumamosi na uandike tarehe. Pima jani kwa rula, kisha pima mchoro wako, gawanya urefu wa mchoro kwa urefu wa jani. Hapo umeshajua ukuzaji wa mchoro kabla haujafundishwa. Zika mkebe usawa wa ardhi jioni, uangalie asubuhi nani ameanguka. Tumia kijiti, usitie mkono, na usigeuze mawe kwa vidole. Ng'e na nyoka wa huku hawajui kama wewe ni mwanasayansi. Na mashamba ya utafiti usiingie bila ruhusa, mfuko mmoja ukiung'oa umeharibia watu kazi.

Cha tatu ndicho kikubwa. Tafuta mtu mzima anayefanya kazi na viumbe kila siku. Kibarua wa shamba, mfugaji wa mbuzi, mzee wa mizinga ya nyuki. Muulize swali moja: ni kitu gani umeona ambacho mwalimu wangu hajaniambia? Andika anachosema kwa maneno yake mwenyewe, halafu peleka darasani ukatafute jina lake la kitabuni.

Sista ameshaanza. Juzi amerudi na orodha ya maswali kumi na moja ya kumuuliza mama kuhusu ile mifuko. Nimeiangalia. Manne kati ya hayo siwezi kuyajibu, na mama amesema mawili hata yeye itabidi aulize kazini. Wale wasichana wawili waliotaka kuhama wanakuja Jumamosi kusikiliza.