Safari ya Segerea: Shemeji alidhani ni hawara, kumbe ni udongo!

Mpenzi msomaji, hapa Dar ukimwambia mtu kwamba kesho unakwenda Segerea, swali la kwanza atakalokuuliza ni, "Umefanya kosa gani?" La pili ni kama umepata mtu wa kukuwekea dhamana. Ndivyo tulivyozoea. Segerea kwetu ni gereza, ni mahabusu, ni yale magari yenye nyavu madirishani. Kwa hiyo shemeji yangu aliponipigia simu saa nne usiku na kuniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, njoo Segerea kesho asubuhi, mambo yameharibika," moyo ulinienda mbio.

Kumbe hakuna aliyekamatwa. Shemeji alikuwa anamtuhumu mdogo wangu, mkewe wa ndoa, mwenye mimba ya miezi sita, kwamba ana bwana nje.

"Kila jioni anatoka," alisema. "Anasema anakwenda gengeni kununua nyanya. Nyanya zenyewe sizioni. Anarudi anafuta mdomo."

Kesi hiyo nitakusimulia msomaji, lakini kwanza tufike.

BUGURUNI HADI SEGEREA

Daladala nilipandia Buguruni. Konda anasema, "Songeni nyuma, nyuma kweupe," na kweupe kwenyewe hukuoni. Kutoka hapo mpaka Tabata Relini nilisimama, kwapa la jamaa mmoja likiwa ndiyo kofia yangu. Tukapita Bima, tukapita Barakuda, watu wakishuka kwa mafungu, na nilipopata kiti nilikuwa nimebakiza vituo vichache tu.

Segerea yenyewe iko Wilaya ya Ilala, ingawa wageni wengi wa jiji hawajui. Mwaka 2010 jina lake likapewa jimbo zima la uchaguzi. Ukishuka unapokewa na bodaboda, saluni, maduka ya vifaa vya ujenzi na moshi wa nyama choma hata kama ni saa tatu asubuhi. Kuna gereza, hilo kila mtu analijua. Lakini pia kuna Seminari Kuu ya Kikatoliki, ambako vijana wanasomea upadri. Yaani Segerea inao waliofungiwa na inao waliojifungia wenyewe kwa hiari yao. Mdogo wangu, kama nilivyokuja kugundua, alikuwa kundi la tatu: amejifungia bila kupenda.

Wanakaa chumba na sebule, nyumba ya uani. "Shikamoo dada," akaniamkia. "Marahaba, mdogo wangu," nikamjibu, huku nikimtazama viganja. Vilikuwa vyeupe kama karatasi. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa tano.

Shemeji hakungoja hata chai. Akaingia chumbani, akainua godoro, akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Gazeti lenyewe, samahani mhariri, lilikuwa hili hili letu.

"Haya, shemeji, hirizi za nani hizi?"

Nilifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya udongo, vyembamba kama vidole, vya rangi ya kijivu. Nikaangua kicheko. Kisha nikamwona mdogo wangu analia, na kicheko kikanikauka.

"Dada, siwezi kuacha," alisema. "Naamka saa nane usiku natafuta. Nikisikia harufu ya ukuta uliomwagiwa maji, mate yananijaa. Ningemwambia nini? Kwamba mkewe anakula ukuta? Bora aendelee kudhani nina bwana."

Hebu fikiri, msomaji. Mwanamke anaona afadhali aitwe mzinzi kuliko aitwe mla udongo!

GENGENI

Jioni ile nilimfuata huyo "hawara". Ni genge la kawaida: nyanya, vitunguu, dagaa, ndimu, na pembeni ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko. Mama muuzaji, mtu mzima mwenye maneno matamu, aliponiona naiangalia akacheka.

"Na wewe mjamzito, mwanangu?"

"Hapana mama, shikamoo. Naulizia tu."

"Marahaba. Basi hii ndoo ndiyo inayonilipia kodi. Nyanya zinaoza, udongo hauozi. Wanakuja wenye mimba, wanakuja wasio na mimba, wanakuja na wasichana wa shule."

Nilimuuliza kama na yeye anakula. Akageuza mazungumzo, akaanza kupanga ndimu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sasa mwanamume unayesoma hapa usidhani ni mambo ya Segerea tu. Kanda ya Ziwa vipande hivi wanaviita pemba. Mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za wajawazito 340 wa Geita, na 155 kati yao walisema wanakula udongo. Wengi wa hao walikuwa wanaununua dukani, kama mtu anavyonunua biskuti. Udongo ulipopimwa ulikutwa na madini mengi, na mojawapo ni arseniki, ambayo ni sumu. Uingereza nako, ambako udongo wa kula unauzwa kwenye maduka ya watu wa kuja, wakuu wa usalama wa chakula wamewahi kuwaonya wajawazito kwa sababu ya madini ya risasi.

Na kile kisiwa chetu cha Pemba, si ile pemba ya Geita, kina yake. Mtafiti wa Kimarekani Sera Young alikaa huko na wajawazito, akakuta wengi zaidi wanatafuna mchele mbichi kuliko udongo. Mwaka 2010 yeye na wenzake walionyesha kwamba tabia hiyo inaandamana na upungufu wa damu na matatizo ya tumbo. Wengine wanapenda barafu, wengine chaki, wengine mkaa. Hamu ndiyo hiyo hiyo, imebadili nguo tu.

Madaktari wanaiita pika. Si ile ya kupika ugali! Ni jina la Kilatini la ndege mmoja wa Ulaya anayesifika kwa kudokoa chochote anachokiona. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walipotoa toleo la tano la kitabu chao cha maradhi, waliiweka pika fungu moja na magonjwa mengine ya ulaji: lile la kujinyima chakula mpaka mtu anabaki mifupa, na lile la kula kwa pupa kisha kujitapisha. Ila walikuwa waangalifu. Walisema kama kula huko ni mila inayokubalika mahali hapo, usikimbilie kumwita mtu mgonjwa.

Hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Kwetu ni mila au ni ugonjwa? Bibi zetu walikula kipande kimoja mbele za watu, wakacheka, wakaendelea na kazi. Mdogo wangu alikuwa anakula gizani, chini ya godoro, huku analia. Kwangu mimi tofauti ndiyo hiyo.

Tena kuficha si kwa masikini peke yao. Mnamkumbuka marehemu Diana wa Uingereza? Novemba 1995 alikaa mbele ya kamera za BBC akakiri kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa anakula kupita kiasi kisha anajitapisha, kwa siri, ndani ya majumba ya kifalme. Mwenye wapishi na mwenye jiko la mkaa, aibu yao moja.

BENCHI LA NJE

Asubuhi yake tulikwenda kliniki, sisi watatu. Mdogo wangu alikuwa anakokota miguu. Kumbe zamani, kwenye kituo kimoja nisichokitaja, aliwahi kugusia habari ya udongo, na mhudumu akawaita wenzake waje wasikie. Walicheka wote. Tangu siku hiyo akiulizwa anakula nini anajibu, "Kila kitu," na kadi inaandikwa hivyo.

Safari hii tulikuta nesi mtu mzima, miwani imeshuka puani. Akamtoboa kidole, akapima. Damu ilikuwa 8.1. Kwa mjamzito inatakiwa isishuke chini ya 11.

"Mama, unakula udongo?" aliuliza, kama anavyouliza umri.

Kimya.

"Sikuulizi ili nikucheke. Nakuuliza ili nijue pa kuanzia."

Mdogo wangu akasema yote. Hata ya saa nane usiku.

Nesi akatueleza, nami nakupa kama nilivyopewa. Damu ikipungua madini ya chuma, wengi wanapata hamu za ajabu. Kwa nini hasa, wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaosema mwili unatafuta madini, wapo wanaosema unatafuta kitu cha kuukinga utumbo na sumu na wadudu. Lakini ukishaula, udongo unayadaka madini ya chuma ya chakula tumboni kabla mwili haujayachukua. Damu inazidi kupungua, hamu inazidi kupanda. Na ukiwa umechotwa mahali pachafu unaweza kuja na mayai ya minyoo. Ni duara.

Duara hilo linakatwa kwa mambo ya kawaida tu. Vidonge vya madini ya chuma na foliki, kila siku, ambavyo kliniki vinatolewa bure. Kwake kipimo kikaongezwa kwa sababu damu ilikuwa chini. Dawa ya minyoo, kwa kuwa miezi mitatu ya kwanza imeshapita. Ameze usiku kama vinamsumbua tumbo, ashushie na maji ya chungwa au ndimu, na chai ya rangi aiweke mbali kwa saa moja au mbili, maana chai nayo inazuia. Choo kikiwa cheusi asishtuke. Dagaa, nyama, maharage, matembele. Damu ingekuwa chini ya 7, hapo angepewa rufaa ya Amana mara moja.

"Kwa hiyo halazwi?" shemeji akauliza.

"Alazwe wapi, baba? Huyu ni mgonjwa wa nje. Anatibiwa kwake, anakuja hapa kuripoti. Kila siku atakayokula udongo aweke alama kwenye kalenda. Na wewe usimkague chini ya godoro. Wewe ni mume, si askari magereza."

Benchi zima lilicheka, na mdogo wangu alicheka nao.

Nilipokuja kusoma baadaye nikakuta hiyo ya kalenda si ya kubuni. Huko Oxford, Uingereza, daktari Christopher Fairburn alijenga tiba kwa wale wanaokula na kujitapisha. Mgonjwa hatoki kwao kwenda kulala wodini. Anakutana na mtaalamu mara 20 ndani ya wiki 20 hivi, na kati ya vikao anaandika kwenye daftari kila alichokula, saa ngapi, na alikuwa anajisikiaje. Dawa mojawapo ni kuandika bila kujificha. Nesi wetu wa uswahilini, kwa kalenda ya ukutani, alikuwa anatembea njia hiyo hiyo.

MWEZI ULIOFUATA

Nilirudi Segerea baada ya mwezi, vuli imeanza, tope mpaka kwenye vifundo. Damu ilikuwa 9.5. Kalenda niliiona mwenyewe: wiki ya kwanza alama siku zote saba, ya pili tano, ya tatu mbili, ya nne mbili tena. Siku mvua ya kwanza ilipopiga vumbi la uani alishindwa, akaenda gengeni akala vipande vinne amesimama. Usiku akamwambia mumewe. Shemeji, asiyejua la kusema, alikwenda kumenya chungwa.

Nesi alizitazama alama zile, hakukemea. "Sawa. Zimepungua. Tuonane mwezi ujao." Basi.

Nami nisikudanganye kwamba kila mtu hamu humwisha kwa vidonge. Wengi hupungukiwa damu inapopanda, wengine inabaki na wanahitaji muda na mtu wa kuongea naye. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, na kwa wajawazito ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo ukimwona mkeo, dadako au binti yako anatafuna mchele mbichi, usianze na fumanizi. Anza na kipimo cha damu. Na binti anayejinyima chakula, au anayekimbilia chooni kujitapisha kila akila, naye asisemwe ana maringo: Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na anaweza kutibiwa akitokea nyumbani.

Jioni nikipita kurudi kituoni, mama wa genge aliniita. Aliinama kama anayetaka kunipunguzia bei.

"Mwanangu, huyo mdogo wako naona siku hizi ananunua ndimu. Hiyo kliniki mliyokwenda, wanapokea na sisi watu wazima, tusio na mimba?"

Nikamwambia wanapokea. Akaniuliza siku gani benchi linakuwa na watu wachache.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.