Tronsoneze ya Kikundi Chetu: Namna Tulivyoichagua

Tangu kikundi chetu kianze kutumika huku Kasese, kila ninaporudi kambini watu wananiuliza: mlinunua mashine gani, na kwa nini hiyo? Nimejibu mmoja mmoja mpaka mdomo umechoka. Afadhali niandike mara moja, jamaa zote zisome.

Kwanza jina. Sisi tuliotoka Beni na Butembo tunaiita tronsoneze. Huku Uganda utasikia pawaso, na Watanzania wanasema chenso. Ni kitu kimoja: injini ndogo ya petroli inayozungusha mnyororo wenye meno.

Sisi ni jamaa nane. Tuliweka akiba miezi kumi na minne. Ndani ya sanduku mlikuwa na pesa ya mama mmoja mjane aliyeuza mbuzi wake wawili, na pesa ya mzee mmoja aliyokuwa amemwekea mjukuu wake ya masomo. Kwa hiyo haikuwa mchezo. Mashine ikifa baada ya miezi miwili, mtoto anakaa nyumbani.

Bwesumbu iko kwenye miteremko ya Rwenzori. Wenyeji ni Wakonzo, na lugha yao na Kinande chetu ni ndugu. Ukisalimia tu wanakuelewa. Wamepanda kalitusi karibu na mashamba ya kahawa, na wanatafuta watu wa kuiangusha, kupasua mbao na kukata kuni za kuchomea matofali. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, basi tukaja.

Kabla ya kuuliza aina, jiulize kazi. Kama unataka kuni za jikoni tu, usinunue tronsoneze. Shoka na msumeno wa watu wawili vinatosha, havinywi petroli wala oili. Mashine inalipa pale tu kazi inapokuja kila wiki.

Sisi tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, mashine mpya ya bei ndogo, iliyopakwa rangi ya machungwa na nyeupe kama Stihl ya Ujerumani lakini si yenyewe. Ya pili, Stihl 070 ya zamani, iliyokwisha kutumika. Ya tatu, Stihl mpya ya ukubwa wa kati, MS 381.

Ile ya kwanza tuliiacha haraka. Bei yake inavutia kweli, lakini fundi mmoja Mkonzo alituonyesha mbili zilizolala kwake. Moja silinda ilikuwa imekwaruzika, nyingine spea zake hazikulingana na spea za dukani. Alituambia: “Hii mnanunua mara moja, halafu mnainunua tena kila mwezi.”

Ubishi ulikuwa kwenye 070. Mzee wetu aliitaka sana. Kule kwetu wapasuaji mbao wengi waliishi kwa 070, na ana haki: injini yake ni sentimita za ujazo 106 hivi, ina nguvu ya kupasua gogo nene siku nzima, na mafundi wengi wanaijua. Ile 381 ina 72 tu. Lakini 070 ina uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hujaifunga baa na mnyororo, na 381 iko chini ya kilo 7. Zaidi ya hapo, 070 ya zamani haina breki ya mnyororo, wala haina zile springi na mipira ya kupunguza mtetemo mikononi.

Breki hiyo ni nini? Ncha ya baa ikigusa gogo au tawi wakati mnyororo unakimbia, mashine inaruka nyuma kuelekea uso wako, haraka kuliko unavyoweza kukwepa. Kwenye mashine yenye breki, kile kikinga mkono cha mbele kinasukumwa na mnyororo unasimama mara moja. Isiyo nayo, haisimami.

Tulibishana siku mbili. Mwishowe yule mama mjane akauliza: “Nani ataishika?” Tukamjibu, vijana. Akasema, “Na mmoja ni wangu. Basi nunueni ile yenye breki, au mnirudishie pesa ya mbuzi.” Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema mama ana haki. Ikaisha hivyo.

Haikuwa bure. Miti minene sana tumewaachia wengine, na hapo tunakosa pesa. Lakini kwa kalitusi za huku 381 inatosha, na kwenye mteremko mkali kilo tatu au nne za kupungua ni kitu kikubwa.

Sasa, wewe ukienda kununua, angalia haya:

Nunua kwa wakala anayejulikana, upewe risiti yenye jina la kikundi. Namba ya mashine iwe imepigwa kwenye mwili wa injini, na iandikwe pia kwenye risiti. Siku mtu akikuuliza umeitoa wapi, una jibu.

Uliza spea kabla ya kuuliza bei. Mnyororo, baa, plagi, kamba ya kuwashia, chujio la hewa: vinapatikana Kasese mjini, au mpaka Kampala? Mashine isiyo na spea karibu ni chuma tu.

Kama ni ya mitumba, iwashwe mbele yako ikiwa baridi. Vuta kamba pole pole: ikikubishia, silinda bado ina nguvu, ikija laini kama uzi, waachie. Mwombe fundi afungue eksozi mtazame pistoni. Ikiwa na mistari ya kukwaruza, rudi nyumbani na pesa yako.

Mafuta ndiyo yanaua mashine nyingi. Petroli lazima ichanganywe na oili ya tustroki. Kwa Stihl, ukitumia oili yao wenyewe ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Oili nzuri ya tustroki ya kampuni nyingine, 1 kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita 5. Usikadirie kwa macho. Na oili ya mnyororo isiwe ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari; inakula baa na pampu. Mnyororo unolewe kwa tupa ya duara mara tu unapoanza kutoa unga badala ya vipande.

Tenga pesa ya helmeti, miwani, vizibo vya masikio, gamubuti na suruali ya kukinga miguu. Sisi tulihesabu hivyo ndani ya bei ya mashine. Kwenye mteremko simama upande wa juu wa gogo, kamwe si chini. Kabla ya kuangusha mti, safisha njia yako ya kukimbilia, nyuma kwa pembeni.

Mwisho ni sheria. Uganda ina Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003. Misitu ya serikali ina wenyewe, na ukizidi kupanda Rwenzori unafika kwenye Mbuga ya Taifa, iliyowekwa 1991. Huko usipeleke hata shoka. Kwa miti ya mtu binafsi tunaandikiana karatasi na mwenye shamba, mwenyekiti wa LC1 anaweka sahihi, na tunamuuliza afisa misitu wa wilaya kabla ya kukata na kabla ya kusafirisha mbao. Miti ya ndani ya kambi, uliza kwanza ofisi ya kamandanti. Mkimbizi mwenye mashine anatazamwa na macho mengi. Karatasi zako ziwe safi.

Huu ni mwaka wa pili. Tumebadilisha minyororo na plagi, injini bado ni ile ile. Mjukuu wa mzee yuko darasani, na mama amenunua mbuzi tena, safari hii watatu. Kikundi kingine kikitaka kuiona mashine kabla ya kutoa pesa zao, waje Bwesumbu. Tutawasha pamoja, na chai itakuwepo.